Nilitaka Mtoto, na Akili Yangu Pia

Watu wawili wanaonipenda walinipa mashauri yanayopingana. Mama mkwe alisema, "Mwanangu, ziache hizo dawa uzae, ukishajifungua utazirudia." Shangazi, aliyenilea, alisema nisithubutu kugusa dawa, habari ya mtoto nimwachie Mungu. Shangazi alikuwa ameniona nikiwa mgonjwa. Mama mkwe hakuwahi.

Nina ugonjwa wa baipola. Ulipoanza nilikuwa fundi cherehani Tanga, nina wateja wangu, nikawa nashona usiku na mchana bila usingizi na bila kuhisi uchovu. Vitambaa vya watu nilivikata mishono ambayo hawakuiagiza. Mtaji niliugawa kwa wapita njia. Niliongea mpaka sauti ikakauka, na kila aliyeniambia nipumzike nilimwona adui. Kisha nikaporomokea upande wa pili: kutwa nimegeukia ukuta, chakula hakina ladha, nikiamini kwamba nyumba ingekuwa na nafuu kama nisingekuwepo. Mtaani walisema jini, wengine wakasema nimerogwa. Shangazi akanipeleka hospitali, nikaanzishiwa sodiamu valproeti. Usingizi ulirudi kwanza, kazi ikafuata, na mwishowe nikajitambua tena. Dawa hiyo siwezi kuisema vibaya, maana ilinirudisha duniani.

Ila aliyeniandikia hakuniuliza kama natarajia kuzaa, na mimi nilikuwa binti mdogo nisiyejua kwamba hilo ni la kuulizwa.

Aliyeniuliza ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili niliyohamia baada ya kuolewa. Alikuwa anajaza kadi yangu, akaweka kalamu chini. "Dada, mnapanga mtoto?" Nikasema ndiyo, lakini bado. Akafunga mlango, akanieleza bila kunitisha na bila kunificha. Kati ya watoto 10 ambao mama zao walitumia valproeti wakiwa wajawazito, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya mwili, na mgongo wazi ni mojawapo. Watatu au wanne kati ya 10 huchelewa kusema, kutembea au kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe dawa hii.

Nililia pale pale. Nikamwambia basi naacha leo.

"Hapana," akasema. "Usiache leo, wala usiache peke yako. Utatumia uzazi wa mpango mpaka daktari akubadilishie."

Akanieleza sababu, na sababu hiyo ningependa kila mwanamke aliye kwenye dawa hii aisikie. Ukiikata ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, na anayeitumia kwa kifafa anaweza kupata degedege lisilokatika. Ukisubiri mpaka ujue una mimba, umechelewa, kwa kuwa mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki nne za mwanzo tangu mimba itungwe, na wengi wetu wakati huo tunadhani siku zimechelewa tu. Ushauri wa mama mkwe ungeniangusha, na wa shangazi ungemnyima mume wangu na mimi tulichokuwa tunakiomba. Njia iliyobaki ilikuwa ya polepole, na ilihitaji watu wanaoijua.

Daktari alituita wote wawili, mimi na mume wangu. Alifanya kama fundi anayeegemeza nguzo mpya kabla ya kung'oa iliyoliwa na mchwa: akanianzishia kwanza dawa nyingine, olanzapini, akangoja itulie mwilini, ndipo akaanza kupunguza valproeti kidogo kidogo. Kila hatua aliiandika kwenye karatasi, tarehe na miligramu, nami niliibandika ndani ya mlango wa kabati. Akaniongezea foliki asidi ya miligramu 5, inayosaidia mgongo wa mtoto ufunge vizuri, akitaka niianze mapema kabla ya mimba.

Kazi ya mume wangu ilikuwa usingizi wangu. Kila asubuhi aliandika kwenye daftari nimelala saa ngapi na nimeamka saa ngapi, kwa sababu kwangu usingizi ndio unaotangulia kuharibika. Tulipatana kwamba nikilala chini ya saa nne kwa siku mbili mfululizo, tunapiga simu kliniki bila kujadiliana. Iliwahi kutokea. Nilikuwa najisikia vizuri mno, nimeanza kupanga kufungua duka la pili. Alipiga simu, dozi ikarekebishwa, na ngazi iliyokuwa inafuata ya kupunguza ikasogezwa mbele. Niliumia kuona tunacheleweshwa. Leo namshukuru kuliko ninavyoweza kusema.

Kulikuwa na miezi dawa haipo kwenye dirisha la dawa la hospitali, tukainunua duka la nje kwa bei iliyotubana. Kulikuwa na unene pia. Olanzapini inaleta njaa na kuongeza uzito, na inaweza kupandisha sukari, kwa hiyo nilipimwa sukari kabla ya mimba na tena ndani ya mimba. Majirani waliuliza mimba ya miezi mingapi wakati bado sina mimba. Hayo nilistahimili.

Mimba ilipokuja, valproeti ilikuwa imekwisha mwilini siku nyingi. Kadi yangu ya kliniki ya wajawazito ilikuwa na maandishi ya daktari wa akili, ili mkunga asishangae dawa ninazotumia wala asiniambie niziache.

Daktari alituonya mapema kuhusu wiki za kwanza baada ya kujifungua. Kwa mwenye baipola, hakuna kipindi ugonjwa hurudi kwa wepesi kama hicho. Mama mkwe alikuja kunilea arobaini, na muuguzi akaomba azungumze naye ana kwa ana. Sijui alimwambia nini chote. Ninachojua ni kwamba mama alirudi nyumbani akatangaza kwamba usiku mtoto ni wake. Nilinyonyesha, nikakamua maziwa ya usiku, nikameza kidonge changu, nikalala. Mtoto alitazamwa asije akawa na usingizi wa kupita kiasi kwa sababu ya dawa inayopita kwenye maziwa; alinyonya na kuongezeka kilo kama inavyotakiwa. Mgeni akigonga alfajiri kutaka kumwona mzazi, mama mkwe alimrudisha mlangoni. Huyu ndiye aliyekuwa ameniambia niache dawa, na sasa ndiye aliyekuwa ananiletea kidonge na maji.

Binti yangu anatembea sasa. Mimi bado niko kwenye olanzapini, na nimeanza kumuuliza daktari kama dozi inaweza kupungua, maana uzito unanielemea na magoti yanauma nikikanyaga cherehani. Amesema tungoje mtoto aache ziwa na usiku wangu utulie, kisha tutaangalia daftari la usingizi na vipimo vya sukari pamoja. Miadi ni mwezi ujao, na mume wangu ameshaomba ruhusa kazini.