Kabla ya kufuta, uliza

Katika kituo kimoja cha afya wilayani Kyerwa, kijana wa kumbukumbu za wagonjwa huitwa "Fundi". Kazi aliyoajiriwa ni kuingiza takwimu, lakini kwa kuwa anapenda kompyuta, kila kinachogoma huishia mezani kwake: printa inayotafuna karatasi, simu ya dereva, kompyuta ambayo mwenyewe amesahau nywila. Hakatai. Kusifiwa kunanoga.

Ijumaa moja jioni muuguzi wa umri wa mama yake alimletea kompyuta mpakato.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii imekuwa nzito, kuwaka tu ni nusu saa. Niangalizie."

Akaenda nayo nyumbani, Nkwenda. Mkewe alipika ndizi na maharage, vikapoa mezani huku yeye akiwa kwenye kioo. Usiku wa manane akafomati diski, akaweka Windows upya. Jumatatu akaikabidhi ikiwa nyepesi kama imetoka dukani.

Muuguzi akafungua, akatafuta, akanyamaza.

"Picha za baba watoto ziko wapi?"

Mumewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Simu iliyozipiga iliibiwa, hivyo zilibaki humo tu. Kijana alikosa la kusema.

"Mwanangu, ungeniuliza tu."

Jambo moja alilifanya sawasawa: aliizima papo hapo, hakuigusa tena, akapanda gari hadi Kayanga, Karagwe, kwa fundi anayeokoa mafaili. Diski ya aina ile inapofomatiwa harakaharaka, kinachofutwa kwanza ni orodha ya mafaili. Yaliyomo hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa bahati mbaya, Windows mpya ilikuwa tayari imekalia sehemu. Baadhi ya picha zilirudi. Nyingine zilirudi nusu, chini kijivu kitupu. Za harusi hazikupatikana. Gharama alilipa yeye.

Kwa wanaopenda teknolojia, na kila ofisi inaye mmoja, kisa hiki kina mafunzo ya kushika.

Kwanza, kabla ya kugusa mashine ya mtu, muulize: kuna nini humu usichotaka kipotee, na nakala yake iko wapi? Kama hakuna nakala, itoe kwanza. Nakala moja kwenye kompyuta ileile si nakala. Weka nyingine kwenye flashi au diski ya nje, itunzwe mahali pengine.

Pili, kufomati kuwe dawa ya mwisho. Mashine nzito mara nyingi imejaa, ina virusi, au ina programu nyingi zinazojiwasha zenyewe. Anza na hayo.

Tatu, usichanganye picha za nyumbani na taarifa za kazini. Taarifa za wagonjwa haziwekwi kwenye flashi yako binafsi wala hazipelekwi nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazilinda. Nakala zake zitolewe kwa utaratibu wa ofisi.

Nne, hifadhi kazi kila baada ya muda mfupi. Umeme ukikatika, kompyuta isiyo na betri haikusubiri umalize sentensi.

Mwisho, jitunze. Kila dakika 20 inua macho, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Na jifunze kusema, "Hili silijui, mpelekee fundi." Haikushushii heshima, na chakula cha jioni unakila kikiwa cha moto.

Yule kijana sasa ana daftari mezani. Anayeleta mashine huandika humo vitu asivyotaka vipotee, kisha anaweka sahihi. Wengine hulalamika kuwa anachelewesha.

Muuguzi halalamiki. Picha zilizookolewa kijana alimwekea kwenye flashi mbili. Moja amempa binti yake anayesoma Bukoba. Ya pili iko kabatini, ndani ya bahasha moja na hati ya shamba.