Kasoro Isiyoonekana Katika Nyumba Inayouzwa



Ndugu zangu katika imani, muuza nguo huikunjua mteja akaiona pande zote mbili. Nyumba haikunjuliwi. Nyaya zimo ndani ya kuta na juu ya dari, na mnunuzi haoni ila taa inayowaka.

Tulipokubaliana kuuza nyumba ya marehemu baba yetu (Allah Amrehemu) huko Buyenzi, Bujumbura, niliomba kwanza aitwe fundi umeme aikague. Nyumba nyingi za huko zilianza na vyumba viwili, kisha vikaongezwa vya uani kadiri watoto walivyooa, na kila chumba kikavutiwa waya kutoka chumba jirani.

Kaka mkubwa hakuafiki. Alisema tukitafuta kasoro bei itashuka, na bei ikishuka, thumuni ya mama, yaani sehemu yake 1 kati ya 8, nayo itashuka. Hoja yake ilikuwa nzito, kwani mama hana pato jingine.

Hata hivyo fundi alikuja. Alizima swichi kuu, akafungua soketi moja moja, akapanda darini. Alipima nyaya kwa kifaa kinachopeleka volti 500, ili ajue kama mpira wake bado unazuia umeme. Kipimo hakitakiwi kushuka chini ya megaomu 1. Nyaya za uani zilikuwa chini sana. Soketi za jikoni zilivutwa kwa waya mwembamba wa taa, milimita za mraba 1.5 badala ya 2.5. Waya wa kupeleka umeme ardhini ulikuwa umekatika, na hapakuwa na kikata umeme cha miliampia 30, ambacho huzima mara moja umeme unapovuja, kabla haujaua mtu.

Kaka akasema basi tunyamaze. Mama akamuuliza: "Mwanangu, na chumba cha uani atalala nani?" Mnunuzi alikuwa na watoto wadogo. Mjadala ukaishia hapo.

Kwa ridhaa ya warithi wote tulirekebisha waya wa ardhini, tukaweka kikata umeme na kubadilisha nyaya za jikoni. Za uani hatukuzimudu. Fundi alizitenganisha na umeme, tukamwonyesha mnunuzi karatasi ya ukaguzi na kumpunguzia bei. Akanunua akijua anachonunua.

Tunakumbuka kisa cha Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini. Muuzaji alisema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Ndiyo maana mnunuzi aliyefichwa kasoro ana haki ya kurudisha alichonunua.

Wapo wasemao, "Mimi sikujua." Lakini mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo na ngazi ya kupandia darini, mnunuzi hana. Kwa hiyo kagueni kabla ya kutaja bei, kwa fundi aliyesomea kazi, na matokeo yaandikwe. Msipime wenyewe, umeme hauna mzaha.

Allah Atujaalie mauzo yenye baraka na urithi wa halali. Aamiin.

Wabillahi Tawfiyq.