Simba Si Jeuri, Ana Hofu

Waliolonga hawakulonga bure kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Nami naongeza: adhabu ya kuachwa peke yake aijuaye ni mbwa. Mpenzi msomaji, usicheke kwanza.

Simba wetu alikuwa kitoto cha mbwa mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona. Tulishinda naye mchana kutwa, akawa kitinda mimba wa nyumba yetu. Januari 2021 shule zikafunguliwa. Mama kazini, sisi darasani. Hapo ndipo kilio kilipoanza! Mama akigusa funguo tu, Simba anahema na kutetemeka. Tukitoka, anabweka bila kupumzika, anakojoa ovyo na kukwaruza mlango mpaka kucha zinatoka damu. Majirani wakachoka. Mwenye nyumba akatupa mwezi mmoja: mbwa anyamaze au aende zake.

Ushauri haukukosekana. "Mchapeni, huyo ni jeuri," alisema mmoja. "Mfungeni mnyororo," akasema mwingine. Mama hakukubali, akamwita daktari wa mifugo. Yule bwana aliuliza swali moja tu: je, anaharibu vitu hata mkiwapo? La hasha! Basi akasema huyo si jeuri, ni mwoga. Ukirudi jioni ukamchapa, hajui anachapwa kwa kosa la asubuhi. Anajifunza tu kuogopa hata kurudi kwako.

Na zile funguo je? Mrusi Ivan Pavlov, aliyetuzwa Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa hujifunza kuunganisha ishara na jambo linaloifuata. Kwa Simba, mlio wa funguo ulikuwa kengele ya msiba.

Dawa ikawa kuifundisha kengele hiyo maana nyingine. Mama alichukua funguo, kisha akaketi kunywa chai. Alifanya hivyo mara nyingi, hadi Simba akaacha kujali. Kisha tukatoka nje kwa nusu dakika na kurudi kabla hajaanza kulia. Halafu dakika moja, mbili, tano. Akionyesha wasiwasi, tunapunguza muda. Haba na haba hujaza kibaba, ati! Asubuhi nilimtembeza kwanza achoke, naye akaachiwa mfupa wa kuguguna. Kuaga kwa mbwembwe tukakomesha. Nyanya naye alikuja kukaa nasi, ili Simba asiachwe kwa muda asioweza kuuhimili.

Mwezi ulipokwisha, Simba alikuwa bado analia siku moja moja, lakini mwenye nyumba aliona tofauti, akakubali kungoja. Kazi yote ilituchukua miezi minne. Daktari alituambia kuna mbwa ambao hofu yao ni kali mno, nao huhitaji dawa pamoja na mafunzo. Hilo si la kubahatisha, ni la daktari.

Wenzangu wa bweni, mnaikumbuka ile wiki ya kwanza ya Kidato cha Kwanza? Nani kati yetu alitulizwa na kiboko? Na sisi tulikuwa tumeelezwa siku ya kufunga shule! Mbwa haelezwi, yeye huona mlango umefungwa, basi. Likizo ikija, ukisikia mbwa wa jirani akilia peke yake, usiokote jiwe. Mwambie mwenyewe, kwa heshima, kwamba mbwa wake anaogopa, na kwamba hofu hiyo ina tiba.