Mama Nusukaputi wa Viwanja Sitini

Hapa Viwanja Sitini, Ifakara, jina langu la ubatizo wanalijua wachache. Kwa wauza mchele, kwa vijana wa bodaboda na kwa majirani, mimi ni Mama Nusukaputi. Wapo wanaonisalimia kwa woga kidogo, maana niliwalaza wao au wake zao, nao wanahofu huenda waliropoka wakiwa usingizini. Waliropoka, tena sana. Ketamini humfungua mtu mdomo.

Nilisomea uuguzi, kisha usingizi, na kazi yangu yote nimeifanya katika vyumba vya upasuaji vya bonde hili la Kilombero, vya misheni na vya serikali. Kabla daraja la mto halijafunguliwa mwaka 2018, mgonjwa wa Lupiro au Mahenge alitufikia baada ya kusubiri pantoni, na aliyefika hakuwa na muda wa kusubiri tena. Mama wa uzazi tulimpa sindano ya mgongo ikiwezekana. Wengine tuliwalaza kwa ketamini au halothani. Dawa ya kulegeza misuli tuliitoa kabatini pale tu tumbo lilipogoma kulegea, au mtu alipohitaji mpira wa hewa kooni.

Dawa hiyo ndiyo iliyonifanya niwe msomaji. Humlegeza mtu hata pumzi hawezi kuvuta, lakini haimlazi wala haimwondolei maumivu. Mwaka 1947, huko Marekani, ilichapishwa taarifa ya daktari Scott Smith, aliyejitolea kuchomwa dawa ya kulegeza ya jamii ya kurare mpaka hakuweza kutikisa hata kope, wenzake wakimpulizia hewa. Nguvu zilipomrudia aliwasimulia yote waliyosema na kumtendea. Taarifa ile niliisoma usiku wa zamu, nikaamka kwenda kuangalia mashine.

Basi mgonjwa aliyelegezwa hakunji uso, hasogezi mguu. Akianza kuzinduka kisu kikiwa tumboni, zinazomsemea ni homoni za mshtuko: adrenalini na noradrenalini hupandisha mapigo na presha, mboni hupanuka, jasho hutoka, machozi huteremka pembeni mwa jicho. Ndiyo lugha tuliyofundishwa kusoma. Niliiamini kabisa, mpaka lilipokuja suala la mabaki ya dawa yenyewe.

Atrakuriamu, mojawapo ya dawa hizo za kulegeza, ilitokana na kazi ya John Stenlake na wenzake wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, ikaingia hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uzuri wake ni kwamba sehemu kubwa huvunjika yenyewe kwa joto la mwili na hali ya damu, bila kungoja ini wala figo. Kwa sisi ambao majibu ya figo yaliweza kuja mgonjwa akiwa ameshapasuliwa, hiyo ilikuwa neema. (Kwa tabia hiyohiyo inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, joto la Ifakara mnalijua, na umeme pia mnaujua.)

Lakini kinachovunjika huacha kitu. Hii huacha laudanosini, isiyolegeza misuli hata kidogo. Yenyewe hupenya hadi kwenye ubongo na kuuchangamsha, na kuondoka kwake kunategemea ini na figo zilezile tulizodhani tumezikwepa. Mwaka 1985 ilichapishwa kazi iliyofanywa kwa sungura: waliopewa laudanosini walihitaji halothani nyingi zaidi ili wasiruke wanapobanwa. Kwenye vipande vya moyo wa wanyama maabarani, ilionekana kuongeza noradrenalini inayomwagwa na ncha za neva. Kwa mbwa waliolazwa, kiasi kikubwa kilileta kinyume cha nilichotarajia: ilipozidi mikrogramu 6 kwa mililita ya plazma, presha ilishuka na mapigo yakapungua, kwenye 17 na kuendelea walipata degedege. Kwa binadamu katika upasuaji wa kawaida, mara nyingi haifiki hata 1.

Hapo ndipo nilipopata ugomvi wangu na vitabu. Mnyama wa maabara hulazwa kwa dawa moja inayojulikana, na halothani yenyewe hutuliza neva za mshtuko. Mgonjwa wangu nimemlaza kwa ketamini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzichochea. Nikiongeza pankuroniamu, dawa nyingine ya kulegeza, nayo huharakisha moyo kwa njia yake. Mapigo 120 ya mbwa wa maabara na mapigo 120 ya mkulima wa Mang'ula si habari moja, na anayenakili hitimisho bila kuuliza mnyama alilazwa kwa dawa gani atapotea.

Daktari mmoja wa wanyamapori aliyekuwa akipita mjini kwetu alinielewa upesi kuliko madaktari wengi wa watu.

"Mama, sisi dawa za kulegeza peke yake tuliziacha zamani," aliniambia.

"Mliwahi kuzitumia, Dokta?"

"Uganda, karibu na 1960. Watafiti kina Harthoorn waliwapiga swala aina ya kobu mshale wa suksamethoniamu. Mnyama anaanguka, lakini macho yanakuona."

Baadaye ikaja etofini, inayomlewesha mnyama kwelikweli. Akaniambia pia kwamba damu ya swala sheshe aliyekimbizwa kabla ya mshale hujaa kotisoli ya mbio, na asiyeandika dakika za kukimbiza ataisingizia dawa. Nilimnunulia soda ya pili.

Vijana ninaowafundisha sasa huipenda sana laudanosini, kwa kuwa jina lake linatisha. Presha ikipanda tu, wanaitaja. Mimi huwauliza kwanza: dawa ya usingizi imebaki kwenye chombo? Mpira haujateleza? Hewa chafu inatoka, maana nayo hupandisha presha? Dawa ya maumivu alipewa lini? Ongeza usingizi, kisha tujadiliane. Kwenye upasuaji wa saa moja au mbili, mabaki haya yako mwisho kabisa wa orodha yangu. Ninayemwogopea ni yule wa chumba cha uangalizi maalumu, anayewekewa atrakuriamu kwa dripu siku mfululizo na ini lake bovu. Na huyo, kwa huku kwetu, kama gari lilipatikana, alishapelekwa Dar es Salaam.