Nyalikungu: Gesi Yetu Hufika kwa Waya

Ukisafiri kutoka Shinyanga kwenda Mwanza, ukifika Mwigumbi iache barabara kuu ushike mkono wa kulia. Utaingia katika nchi tambarare ya mbuga, yenye mawe makubwa, mifugo na mashamba ya pamba. Mbele yako ni Nyalikungu, mji ulio makao makuu ya Wilaya ya Maswa. Wilaya hiyo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Simiyu.

Yatazame malori ya pamba wakati wa msimu. Yote hunywa dizeli, na dizeli hiyo hushushwa melini Dar es Salaam, kisha husafiri takribani kilometa elfu moja kwa barabara. Kwa hiyo mafuta yapandapo bei ng'ambo, mkazi wa Nyalikungu ambaye hana hata baiskeli hulipa pia: hulipa katika nauli, katika sabuni na katika debe la mahindi.

Jambo hili si geni. Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda takribani mara nne katika muda wa miezi michache, ikapanda tena mwaka 1979. Wazee wanaikumbuka miaka ile ya shida, ambapo magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Katikati ya dhiki hiyo nchi ilipata habari njema: mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, na mwaka 1982 ikagunduliwa Mnazi Bay, Mtwara. Lakini kugundua si kutumia. Ilipita miaka 30 kabla gesi ya Songo Songo haijafika kwa bomba katika mitambo ya umeme ya Ubungo, mwaka 2004. Bomba la pili, kutoka Mtwara, lilizinduliwa mwaka 2015.

Utauliza: bomba limeishia Dar es Salaam, Nyalikungu inapata nini? Jibu limo katika nyaya zilizo juu ya kichwa chako. Umeme wa gesi huingia katika gridi ya Taifa pamoja na umeme wa maji, ukapita katika laini kubwa ya Iringa, Dodoma na Singida hadi Shinyanga, na kutoka huko ukaenea mikoa ya jirani. Taa iwakayo hapa ina sehemu ya moto wa Songo Songo. Tulipopata ukame mwaka 2011, mabwawa yakakauka, Taifa lilikodi mitambo ya dharura ya mafuta kwa gharama kubwa. Hapo ndipo thamani ya gesi yetu ilipoonekana wazi.

Sasa ingia jikoni. Katika nchi ya Wasukuma kuni ni adimu, na akina mama wengi wamezoea kupikia hata mabua ya pamba. Miti ilikwisha kiasi kwamba mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliohimiza wananchi kurudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa kwa desturi. Leo mtungi wa gesi unasifiwa kuwa mkombozi wa miti hiyo, na kwa hakika unaokoa miti na mapafu ya mpishi.

Lakini tusichanganye mambo. Gesi ya mtungini si ya Songo Songo. Hiyo ni gesi itokanayo na mafuta, na huletwa kwa meli kutoka nchi za nje kama dizeli. Gesi yetu ni nyepesi, haikai katika mtungi wa kawaida. Huhitaji bomba au kushindiliwa kwa nguvu katika mitungi maalumu, kama ile ya magari yanayotumia gesi Dar es Salaam.

Basi kwa familia ya Nyalikungu, njia iliyo wazi leo ya kupikia nishati ya nyumbani ni waya. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Taifa limekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo hilo likitimizwa kwa mitungi peke yake, tutakuwa tumeacha kuni na kuongeza utegemezi.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kujitegemea kwa nishati hakupimwi Kilwa inakochimbwa gesi, wala Dar es Salaam liliko bomba. Kunapimwa Nyalikungu: siku umeme utakapokuwa wa uhakika na wa bei ambayo mkulima wa pamba anaimudu, na siku lori litakalobeba pamba yake litakapotumia gesi ya nchi yake. Hadi siku hiyo, kazi iliyoanzwa mwaka 1974 bado haijakwisha.