Injinia wa Maji

Cheptais wananiita Injinia. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, lakini nyumbani nikasema tuko likizo. Likizo hiyo ilikuwa na miezi minane.

Mjomba ana Canter ya kubeba vitunguu hadi soko la Chwele. Dizeli inammaliza. Siku moja akaniletea simu: video ya kifaa kinachopasua maji kupata haidrojeni, ati gari linakunywa nusu ya mafuta.

"Injinia, hii ni ya kweli?"

Nilijua jibu. Lakini nikiogopa kuulizwa mengine, nikasema tujaribu. Akauza mbuzi wawili.

Kifaa kikaja: chupa, sahani za chuma, waya za kufunga kwenye betri. Mapovu yalitoka kweli, Mjomba akacheka kama mtoto. Tulienda Chwele mara nne. Dizeli ilikuwa ile ile.

Jioni nikachukua kijiti, nikamchorea chini. Betri inajazwa na alteneta, alteneta inazungushwa na injini, injini inakunywa dizeli. Ukitumia sehemu 10 za umeme kupasua maji, haidrojeni inabaki na kama 7. Injini ikiichoma, unapata 2 au 3. Zingine zinapotea kama joto. Haidrojeni yenyewe haina shida: kilo moja ina nguvu karibu mara tatu ya kilo ya dizeli, na ikiungua haitoi kaboni. Ila ni mtungi, si kisima. Lazima mtu aujaze. Ndiyo maana mpango wa taifa wa haidrojeni, uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023, unategemea umeme wa jotoardhi, jua na upepo. Na unaanza na mbolea, si malori.

"Haya yote uliyajua kabla sijauza mbuzi?"

"Niliyajua, Mjomba. Na chuo niliacha."

Akanyamaza sana. Mvua ilikuwa inashuka kutoka Elgon.

"Hizo hesabu ulifunzwa wapi?"

"Chuoni."

"Basi utanilipa kwa hesabu. Kesho unapanda gari, unaandika kila lita."

Wiki ya pili daftari lilituonyesha kitu: gari likienda tupu bado linakunywa sana. Tukafungua, chujio la hewa limeziba, magurudumu hayana upepo wa kutosha. Tukarekebisha. Ikapungua kidogo, lakini ikapungua.

Mbuzi mmoja nimeshalipa. Watu bado wananiita Injinia. Mjomba siku hizi ananiita kwa jina langu.