Chakula cha Wandegeya Kilichofika Misunkumilo

Wasomaji wetu mwajua ya kuwa kila mji una chakula chake, ambacho mgeni akifika huambiwa, "Usiondoke kabla hujakionja." Mtu wa Unguja atakusifia urojo; mtu wa Mombasa, mahamri kwa mbaazi za nazi; mtu wa Bukoba, senene; na mtu wa Kigoma, mgebuka aliyetoka ziwani siku ile ile. Na watu wa Kampala wakiulizwa, wengi wao watajibu neno moja tu: rolex. Katika makala haya twataka kueleza jinsi tulivyoikuta rolex nzuri hapa Misunkumilo, mbali sana na kwao, na kwa nini jambo hili dogo la tumbo lafaa kufikiriwa na watu wazima.

Kwanza yatupasa kueleza rolex ni nini, maana jina lake laweza kumpoteza msomaji. Si saa ile ya mkononi itokayo Uswisi, ambayo bei yake mwalimu hathubutu kuiuliza. Ni chapati iliyokunjwa pamoja na mayai. Jina limetoka katika maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "mayai yaliyokunjwa". Yakisemwa upesi na watu wa sokoni yakawa sauti moja na jina la ile saa, watu wakacheka, na jina likashika. Husemwa ya kuwa walioanza kukipika chakula hiki ni wauza chapati waliotoka Busoga, na mahali kilipopata sifa ni Wandegeya, mtaa wa Kampala ulio karibu na chuo cha Makerere. Wanafunzi wenye njaa nyingi na fedha chache walipata humo mlo mzima wa kushika mkononi. Sifa zake zikazidi kuenea, hata mwaka 2016 watu wa Kampala wakaifanyia rolex tamasha lake yenyewe.

Kazi ya kuitengeneza yaonekana nyepesi, lakini ina utaratibu wake. Unga wa ngano hukandwa kwa maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, na donge huachwa lilale kabla ya kusukumwa. Donge lisilolala hutoa chapati ngumu, ipasukayo ikikunjwa. Mayai mawili huvunjwa katika kikombe, yakatiwa kitunguu, nyanya na kabichi vilivyokatwa vidogo vidogo, pamoja na chumvi, yakapigwa sana. Kisha humiminwa juu ya kikaango bapa cha chuma kizito. Hapo ndipo penye siri yenyewe: chapati hulazwa juu ya mayai wakati uso wao wa juu ungali mbichi, ili viwili hivi vishikane na kuwa kitu kimoja. Halafu hupinduliwa, hutandazwa vipande vya nyanya, hukunjwa kama mkeka, na kufungwa. Mlaji huanza upande mmoja akamaliza upande wa pili, wala hadondoshi kitu.

Sisi tulionja rolex mara ya kwanza tulipokaa Kampala miezi mitatu kwa masomo. Kila jioni tulishuka Wandegeya pamoja na wenzetu, tukasimama mbele ya jiko la mkaa tukingoja zamu, na hakuna aliyenung'unika kwa kungoja. Tuliporudi Tanzania tuliitafuta. Katika miji kadha wa kadha tuliliona jina limeandikwa ubaoni kwa rangi nzuri, tukakimbilia, na mara zote tukaondoka na huzuni. Pengine chapati ilikuwa ya asubuhi, imekauka, na yai limekaangwa peke yake likawekwa juu kama kofia. Pengine ilikuwa imelowa mafuta hata karatasi haikufaa kushikwa. Jina lilikuwa limesafiri, lakini kazi ilikuwa imebaki nyuma.

Basi hatukutazamia kuipata hapa. Misunkumilo ni kata mojawapo ya mji wa Mpanda, katika mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012. Toka hapa hata Kampala, ukipima kwa mstari mnyoofu katika ramani, ni zaidi ya kilomita 700, na njia za watu hazinyooki hivyo. Lakini nchi yetu hii imezoea kupokea vitu na watu wa mbali. Reli ya tawi itokayo Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilijengwa hata Mpanda katika miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na watu wakazidi kuja. Hapa pana Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, wenyeji wa nchi; pana Wafipa na Waha; pana Wasukuma na ng'ombe zao. Na huko Katumba na Mishamo wapo waliokimbia Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao, ambao wengi leo ni raia wa Tanzania. Kila kundi lilikuja na chungu chake.

Jioni moja, tukitoka shuleni, tulisikia harufu ya kitunguu katika mayai, na sauti ya kijiko kikipiga kikombe upesi upesi. Tulisimama. Kijana mmoja alikuwa nyuma ya jiko, na juu ya jiko palikuwa na kikaango bapa cha chuma kilichong'aa kwa kutumika. Hakuwa na ubao wala jina lililoandikwa. Tukamtazama akilaza chapati juu ya mayai mabichi, akihesabu kimoyomoyo, akipindua kwa kidole na kisu. Tulipokula tulijua ya kuwa mtu huyu hakuisikia rolex kwa watu tu; amefundishwa.

Tukamwuliza habari zake, naye alizieleza bila kuficha. Kwao ni kijiji kisicho mbali na Mpanda. Baba yake aliuza ng'ombe wawili ili mwanawe aende Kampala kusomea ufundi wa umeme. Baada ya mihula miwili fedha za ada zikaisha, na kijana akaona haya kuomba ng'ombe wa tatu. Akaingia kazini kwa muuza chapati. Mwaka mzima hakuruhusiwa kugusa kikaango. Kazi yake ilikuwa kukata vitunguu na kuosha vikombe. Mwaka wa pili alikanda unga. Mwaka wa tatu alipewa moto. Hata alipokuwa na nauli alinunua kikaango, akakifunga katika blanketi, akasafiri kwa basi mpaka Mutukula mpakani, akapita Bukoba, akafika Tabora, na toka hapo akapanda garimoshi lipitalo Kaliua. Alirudi nyumbani bila cheti.

Watu hawakumpokea vizuri. Walisema, "Kampala imempa shahada ya chapati." Baba yake alipokuja mjini alizunguka njia nyingine, asipite mbele ya jiko lile. Na jambo lililotuumiza zaidi tulilisikia shuleni. Mwalimu mmoja, akitaka kuwahimiza watoto, alimtaja kijana huyu kwa jina darasani, akasema asiyesoma kwa bidii mwisho wake utakuwa kama huo. Katika darasa lile alikuwamo dada yake, msichana wa miaka kumi na miwili. Hakulia. Aliinamisha kichwa akaendelea kunyoosha mistari katika daftari ambalo lilikuwa limekwisha kupigwa mistari.

Tulizungumza na mwenzetu baadaye, kwa adabu, mbali na watoto. Tulimkumbusha ya kuwa Makerere yenyewe, ambayo sifa yake yajulikana Afrika nzima, ilifunguliwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, nayo ilianza na wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Tulimwambia pia, "Nenda ukale kwanza, kisha useme kama mtu yule hakusoma." Alikwenda. Hatujui alisema nini na kijana, lakini mfano ule hakuutumia tena.

Tangu hapo tulifika mara kwa mara kwenye jiko lile, na si kwa njaa tu. Tulitaka kujua mtu hufanyaje chakula kikae mbali na kwao bila kupotea. Tukaona ya kuwa kijana huyu ana mambo anayoyabadili na mambo asiyoyabadili, naye aijua sababu ya kila moja. Huko Kampala wengi hufunga rolex katika mfuko wa plastiki. Kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, naye hutumia karatasi, akasema ya kuwa ni afadhali, kwa sababu karatasi hupitisha mvuke na chapati hailowi. Kabichi ikiwa adimu wakati wa kiangazi, hupunguza, lakini hatii kitu kingine mahali pake. Tulimwuliza kwa nini hatumii mawese ya Kigoma. Akajibu, "Mwalimu, nilijaribu siku tatu. Mawese yanapendeza katika maharage, lakini humeza harufu ya yai. Mtu akila, atakula mawese." Akarudia mafuta ya alizeti. Na chapati hapiki kabla ya wakati. Ukija, utangoja.

Wako watakaosema, chakula cha Uganda chatuhusu nini sisi wa Katavi? Twawajibu ya kuwa chapati yenyewe ilitoka ng'ambo. Wahindi waliofanya biashara pwani walikuwa nayo. Tena vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli toka Mombasa hata ziwa Victoria, tangu mwaka 1896 hata 1901, na mapishi yao yakaingia bara pamoja na reli. Leo hakuna mama wa Misunkumilo ambaye sikukuu ikifika huona chapati ni kitu kigeni. Kila kilicho chetu leo kiliwahi kuletwa na mtu fulani, na huenda mtu yule naye alichekwa siku za kwanza.

Na sasa twaeleza lililotokea mwezi wa Julai, maana tulikuwako. Jua lilikuwa likitua, nasi tulikuwa tumekaa katika kibao tukingoja zamu, mara mzee mmoja akaja akiikokota baiskeli. Kijana akaacha kikombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Tukamwamkia na sisi, akaitikia, lakini hakuketi. Akasema, "Nipe hicho wanachokula watu." Kijana akapiga mayai. Mikono yake, ambayo haikosei, ilimwaga kidogo pembeni ya kikaango. Mzee akapokea, akala akiwa amesimama, polepole, mpaka mwisho, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Sisi sote tulinyamaza.

Kisha akauliza, "Mayai haya umenunua wapi?"

"Sokoni, baba."

"Nyumbani kuku wanataga kila siku, nawe wanunua mayai ya watu."

Akapanda baiskeli akaenda zake. Hakulipa, wala kijana hakumdai. Jumamosi iliyofuata mama yake alishuka katika bodaboda amepakata beseni la pumba, na ndani ya pumba mlikuwa na mayai, hata moja halikupasuka. Tangu siku ile mayai ya jiko lile hutoka nyumbani, na fedha zake huandikwa katika daftari, na mwenye kuandika ni yule dada yake. Baba hatujamsikia akimsifu mwanawe mpaka leo, lakini njia ya kuzunguka ameiacha.

Wasomaji wetu, tumeyaandika haya kwa sababu wengi wetu tuna watoto waliokwenda mbali, na si wote watakaorudi na kile tulichowatuma. Cheti ni kitu chema. Sisi tulio walimu hatuwezi kusema vingine, na ng'ombe wawili walikuwa mali ya haki. Lakini mtoto akirudi, kabla ya kumwuliza hakuleta nini, na tumwulize ameleta nini, na kama amejifunza mpaka mwisho. Jina la kitu hufika kila mahali kwa rangi na ubao. Kitu chenyewe hufika katika mikono ya mtu aliyekubali kukata vitunguu mwaka mzima.

Na msomaji akipita Misunkumilo saa za jioni, afuate sauti ya kijiko katika kikombe. Aje na fedha ndogo ndogo, maana kijana hana chenji nyingi, na aje mapema. Mayai yakiisha, hufunga.